Singapore hadi New York: kilomita 15,349 na Jumamosi mbili

Jumatano

Tiketi zimetoka leo. Changi, kiwanja cha Singapore, kwenda JFK, kiwanja cha New York, moja kwa moja, hamna kusimama popote, mwezi huu wa kumi. Nasafiri na kaka mmoja wa kazini, kanizidi miaka mingi tu ndo maana namwita kaka na yeye ananiita mdogo wangu. Hii ndo flaiti ya abiria ndefu kuliko zote duniani kwenye ratiba za kawaida, na mimi mambo ya umbali na masaa angani nayapenda toka zamani, kwaiyo nimeamua kila siku niandike kidogo, nisisubiri mpaka nirudi maana nikirudi nitakuwa nishasahau nusu.

Tulivomaliza kuchapisha tiketi kaka akafungua ramani ya dunia kwenye kompyuta, ile bapa ya ukutani tuliyoizoea wote, akaweka kidole Singapore akakivuta kwenda kushoto, India, Uarabuni, Ulaya, bahari ya Atlantiki, New York. "Si ndo njia hii mdogo wangu?" Nikamwambia kaka ngoja kwanza, hebu tutafute tufe. Pale ofisini kuna tufe moja la zamani, tukachukua uzi, mimi nikashika ncha moja Singapore yeye akashika nyingine New York, tukaukaza mpaka ukanyooka. Uzi haukugusa India wala Ulaya. Ulipanda kaskazini moja kwa moja, China, Mongolia, Siberia, ukapita jirani kabisa na Ncha ya Kaskazini, alafu ukashuka upande wa pili kupitia mashariki ya Kanada mpaka New York. Kaka akauachia akaukaza tena, akauangalia muda mrefu.

Ile ndo njia fupi kuliko zote, wenyewe wanaiita duara kuu, na umbali wote unaosoma kwenye mtandao kati ya kiwanja na kiwanja unapimwa kwa njia hiyo. Na kwa viwanja hivi viwili hesabu yake inafanyika hata kwenye karatasi ya kufungia, sijui kama kuna jozi nyingine ya viwanja vikubwa inakubali hivi. Angalia: Changi iko longitudo 104 mashariki, JFK iko kama 74 magharibi, jumlisha unapata 178, yani pungufu kidogo tu ya 180. Maana yake viko karibu kabisa kwenye mstari mmoja unaopita nchani, kimoja upande huu kingine upande ule. Sasa ncha yenyewe iko latitudo 90, na Changi iko latitudo 1.36 kaskazini, kwaiyo mpaka nchani zimebaki nyuzi (digrii) 88.64. JFK iko 40.64 kaskazini, mpaka nchani nyuzi 49.36. Jumla nyuzi 138. Kila nyuzi moja ni maili 60 za baharini, kwaiyo 138 mara 60 ni 8,280, na maili moja ya baharini ni mita 1,852, ukizidisha unapata kilomita 15,335. Takwimu rasmi ni 15,349. Tofauti kilomita 14 tu! Na hizo 14 zina sababu yake, dunia haijawa mviringo kamili, imebonyea kidogo huko nchani, kwaiyo nyuzi moja ya latitudo kule juu ni ndefu kuliko huku ikweta, kule inakaribia kilomita 111.7 huku ni 110.6. Kaka aliomba ile karatasi akaiweka mfukoni.

Alhamisi

Leo tulikaa na masaa. Ukisoma tiketi kwa macho tu unachanganyikiwa kabisa, sikia: kwenda tunatoka Changi Ijumaa saa tano na dakika 35 usiku, tunafika JFK Jumamosi saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mtu yeyote akitoa hapo anapata masaa 6 na dakika 40. Kurudi tunatoka JFK Jumatano saa nne na nusu usiku tunafika Changi Ijumaa saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, hayo ni masaa 30 na dakika 40. Kaka akasema kwaiyo kwenda tunapaa kama risasi kurudi tunatambaa? Hapana, ni kwamba masaa ya kuondoka ni ya kiwanja cha kuondokea na masaa ya kufika ni ya kiwanja cha kufikia, tiketi zote duniani zinaandikwa hivo.

Sasa kuna njia nzuri sana ya kulitatua hili bila hata kujua tofauti ya masaa ya hizo sehemu mbili, na naiandika hapa kwa sababu watu wengi hawaijui. Chukua ile ya kwenda kama ilivyo, 6:40, jumlisha ile ya kurudi kama ilivyo, 30:40. Unapata 37:20. Gawa kwa mbili. 18:40. Hiyo ndo wastani wa safari yenyewe. Alafu chukua 30:40 toa 6:40, unapata 24, gawa kwa mbili, 12, hiyo ndo tofauti ya saa kati ya Singapore na New York. Ule wastani unakubali kwa viwanja vyovyote viwili, kwa sababu tofauti ya saa ukienda inakupunguzia ukirudi inakuongezea, ukijumlisha zinafutana zenyewe, ila hiyo 12 imetoka kamili kwa sababu muda wa kwenda na wa kurudi unalingana. Masharti yake ni kwamba tiketi zote mbili ziwe za kipindi ambacho saa hazijabadilishwa katikati.

Maana New York wanabadilisha. Kuanzia Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu mpaka Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja wanasogeza mbele saa moja, ndo maana sahivi tofauti ni 12 kamili, baada ya hapo inakuwa 13. Singapore wenyewe hawabadilishi, wako saa 8 mbele ya saa ya dunia (UTC) toka 1982, japo kwa longitudo yao walitakiwa wawe 7, ndo maana pale jua la utosi linakuja kama saa saba mchana na sio saa sita.

Kitu kingine, hayo masaa 18 na dakika 40 sio ya kuruka. Ni toka ndege inaachia geti mpaka inasimama kwenye geti lingine. Ndani yake kuna kusukumwa nyuma, kutembea chini, foleni ya kuruka, na ukifika kutembea chini tena. Ukiona sehemu mbili zinakupa muda tofauti kwa safari ile ile usishangae, moja inahesabu geti hadi geti nyingine inahesabu magurudumu kuacha ardhi mpaka kugusa ardhi, na zile za kukokotoa zinachukua tu kilomita zinagawa kwa spidi fulani basi, hazijui upepo wala foleni. Hizo za mwisho mimi sizitumii kupanga safari, nazitumia kulinganisha tu.

Ijumaa

Siku ya kusubiri. Nimelala mchana kidogo makusudi.

Tupo Changi mapema, ndege yetu naiona dirishani, Airbus A350-900ULR, hizo herufi tatu za mwisho, kifupi cha Kiingereza cha safari ndefu kupita kawaida, ndo siri yote ya safari hii. A350-900 ya kawaida inabeba mafuta lita 141,000, hii inabeba lita 165,000, na hawakuongeza matangi, walibadilisha mfumo wa mafuta ili matangi yale yale yajae zaidi. Ukipiga lita moja kwa kilo 0.8 hayo mafuta yanafika kama tani 132, na uzito wa juu kabisa inaoruhusiwa kurukia ni tani 280, yani karibu nusu ya kinachoruka ni mafuta. Fikiria hapo. Na ndo ugumu wa safari ndefu ulipo, mafuta ya saa ya kumi na nane inabidi uyabebe toka saa ya kwanza, na kuyabeba tu kunakula mafuta mengine. Ndo maana hawajajaza watu. Singapore Airlines wameiwekea siti 161 tu, 67 za bizinesi na 94 za daraja la kati lililo juu ya ikonomi, ikonomi yenyewe haipo kabisa.

Walishawahi kuijaribu hii safari zamani. Mwaka 2004 walianza kwenda Newark, jirani na JFK, kwa Airbus A340-500 yenye injini nne, wakaenda nayo mpaka 2013 wakasimamisha, zile injini nne zilikuwa zinakula sana na mafuta yalikuwa juu. Ikarudi Oktoba 2018 na hii ya injini mbili, alafu Novemba 2020 wakaanza na JFK. Newark kwenye vitabu ni kilomita 15,344, tano pungufu.

Kaka ana wasiwasi na injini mbili juu ya bahari masaa yote hayo. Nikamweleza kwamba hizi ndege zinapewa kibali cha umbali gani zinaweza kuwa mbali na kiwanja cha karibu zikibaki na injini moja, na A350-900 ilipata vibali mpaka vya dakika 370, yani masaa sita na ushee kwa injini moja. Hapo akatulia, na mimi nilipenda alivouliza maana ni swali la msingi kabisa.

Ijumaa usiku kuamkia Jumamosi

Tumeachia geti kwa wakati. Dakika 22 kutoka geti mpaka magurudumu kuacha ardhi, nimepima. Unaisikia kabisa kwamba ndege ni nzito, inakimbia, inakimbia, inakimbia kwenye lami kabla haijainuka, na ikiinuka haipandi kwa pupa. Haikwenda juu kabisa moja kwa moja pia, ilitulia futi 31,000 hivi, na inavyozidi kuchoma mafuta inakuwa nyepesi ndo inapandishwa ngazi kwa ngazi. Ukiwa na dirisha na skrini ya ramani unaziona hizo ngazi usiku mzima, mimi ndo ilikuwa sinema yangu.

Kitu cha kwanza nilichoangalia kwenye ile ramani ni pua imeelekea wapi. Sio kaskazini. Ilielekea kaskazini mashariki, bahari ya China Kusini, Ufilipino ukiwa upande wa kulia. Kaka akanigusa, "mdogo wangu, mbona hatufuati uzi?" Hatufuati kwa sababu mbili. Moja, ile njia ya uzi inakatiza Urusi katikati na mashirika mengi yameacha kupita anga lile toka 2022. Ya pili ndo kubwa kwa safari hii, upepo. Juu huku kilomita tisa mpaka kumi na mbili kuna mkondo wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki, jeti strimu, na pale Japani na Pasifiki ya kaskazini ndo huwa una nguvu sana. Rubani akiukalia huo upepo mgongoni anakubali kuongeza kilomita ili apunguze masaa. Hewa ndo barabara yake, na barabara yenyewe inatembea.

Niliiona kwa macho yangu kwenye skrini. Tulivokuwa chini kusini spidi juu ya ardhi ilikuwa 890, 900 hivi. Tulivoikaribia Japani ikaanza kupanda, 960, 1,010, 1,050, kuna muda ikasoma kilomita 1,080 kwa saa, na injini hata hazijabadilika mlio. Ndege yenyewe ndani ya hewa inaenda spidi ile ile ya kama 900, hizo nyingine 180 ni zawadi ya upepo. Joto nje nyuzi 56 chini ya sifuri. Nikamwamsha kaka aone hiyo namba, akaamka akaiona akasema sawa akalala tena.

Jumamosi, ya kwanza

Jua limetoka kama masaa matano toka turuke, kusini ya Japani, chini bahari tupu. Saa ya mkononi bado inasema ni usiku mkubwa wa Singapore lakini dirishani ni asubuhi kabisa. Tunalikimbilia jua linakotoka ndo maana limewahi.

Humu ndani pia kuna mambo. Shinikizo la hewa kwenye A350 linawekwa kama vile uko mlima wa mita 1,800 hivi, ndege nyingi za zamani zilikuwa kama mita 2,400, na kwa masaa mengi namna hii tofauti unaisikia kichwani. Hewa bado ni kavu, maji nakunywa kila nikikumbuka. Natembea mpaka nyuma na kurudi, kukaa zaidi ya masaa manne bila kusogeza miguu kunaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na hapa tunazungumzia mara nne ya hayo. Kaka nimemlazimisha na yeye, kanishukuru baadae. Mbele kule marubani wako wanne wanapokezana, wana vitanda vyao vya kupumzikia.

Karibu na saa ya tisa ya safari, saa sita mchana ya pale tulipo, tumekaribia longitudo 180, ndo mstari wa kubadilisha tarehe.

Ijumaa tena

Tumevuka. Sekunde moja iliyopita ilikuwa Jumamosi mchana, sasa hivi ni Ijumaa mchana. Jua lile lile, pale pale juu, bahari ile ile, tarehe imerudi nyuma siku nzima. Nilijua itatokea na bado nilitabasamu peke yangu dirishani, nilitaka sana kuiona hii kwa macho.

Ukifikiria ina mantiki safi. Toka tumetoka Singapore kila tukienda mashariki tunasogeza saa mbele, mbele, mbele. Usiporudisha mahali fulani, mtu akizunguka dunia yote atarudi nyumbani akiwa mbele ya wenzake siku moja. Kwaiyo dunia ikakubaliana mstari uwe pale katikati ya Pasifiki ambapo hamna watu wengi, ukiuvuka kuelekea mashariki unarudisha siku, ukiuvuka kuelekea magharibi unairuka. Marubani wenyewe hawahangaiki na haya, wanatumia saa moja tu ya dunia toka mwanzo hadi mwisho, tumeondoka 15:35 tunategemewa 10:15, basi.

Hii Ijumaa imekuwa fupi ajabu. Kama masaa mawili matatu tu toka mstari, jua likaanza kushuka nyuma yetu, na likazama tukiwa bado hatujaiona Amerika. Mchana wote, toka kuchomoza hadi kuzama, haukufika hata masaa saba. Na usiku ukaingia tena, wa pili ndani ya safari moja. Masaa haya ndo magumu, saa ya kumi na mbili mpaka ya kumi na sita, mwili umechoka kukaa na bado unaona kilomita elfu nne mbele yako, sinema zote zimekuwa sawa. Nililala masaa matatu, nilivoamka tupo juu ya nchi kavu, taa za miji chini.

Jumamosi, ya pili

Tumetua JFK bado giza. Kuruka mpaka kugusa ardhi ni masaa 17 na dakika 48, alafu dakika 14 kutembea chini mpaka geti. Jumlisha na zile 22 za Changi unapata masaa 18 na dakika 24, dakika 16 chini ya tiketi. Umbali kwenye skrini ulikuwa umevuka kilomita 16,000, yani tumeenda mbali zaidi ya uzi na bado tumewahi.

Kaka ana saa ya mishale. Akataka kuirekebisha kwa saa ya New York, akaiangalia, mishale iko sawasawa tayari! Tofauti ni masaa 12 kamili na saa ya mishale inazunguka 12, kwaiyo hamna cha kugusa.

Jumapili, Jumatatu, Jumanne

Jetilegi, yani mwili bado uko kwenye saa ya ulikotoka. Masaa 12 ndo mbali kabisa mwili unapoweza kupelekwa, mchana wako wote ni usiku na usiku wako wote ni mchana. Saa nane usiku macho makavu, saa nane mchana kichwa kinadondoka mezani. Kuna sehemu ndogo ndani ya ubongo inayoendesha saa ya mwili na inajiseti kwa mwanga unaoingia machoni, kwaiyo dawa kubwa ni kutoka nje kwenye mwanga, sio kujifungia na mapazia. Mwili unasogea kama saa moja kwa siku, kidogo zaidi ukijitahidi. Kwa sababu tunarudi Jumatano nimeamua kutohangaika kuhama kabisa, mikutano tumeiweka asubuhi mapema na jioni, katikati tunapumzika. Kaka kalala vizuri kuliko mimi na ndo mtu mzima.

Jumatano

Tunarudi usiku huu. JFK wana njia moja ya kurukia yenye urefu wa zaidi ya kilomita nne, mita 4,423, na ukiwa na tani 280 unaelewa mtu alijenga vile kwa nini.

Ramani imewaka, pua imeelekea mashariki. Mashariki tena! Atlantiki. Kaka kaniangalia, sikusema kitu, nikamwachia mwenyewe aone mstari ulivochorwa, Atlantiki, Ulaya, Asia ya kati, India, Singapore. Ile njia aliyoipitisha kwa kidole kwenye ramani bapa, tunairudi nayo sasa. Nilimwambia kaka ulikuwa umeiona kweli, ila ni njia ya kurudi, sio ya kwenda. Alifurahi sana, na kwa haki.

Na hii inawezekana kwa sababu viwanja viko karibu pande mbili za tufe, longitudo 178. Ukiondoa njia ya nchani, kupita Pasifiki au Atlantiki hakutofautiani sana, kwaiyo mpanga njia anachagua penye upepo wa mgongoni, na upepo huo unaenda mashariki pande zote mbili.

Alhamisi

Alhamisi hii sikuikanyaga ardhini hata dakika moja. Ilianza juu ya maji, jua likachomoza tunakaribia Ulaya, likazama kabla hatujaifika India, mchana mwingine wa masaa sita na ushee, na Alhamisi ikaisha humo humo angani. Nimesoma, nimetembea, nimelala vizuri zaidi ya kwenda.

Ijumaa

Changi alfajiri. Tumetoka hapa tukaelekea mashariki, tumeendelea mashariki, tumerudi kutokea magharibi. Tumeizunguka dunia kwa ndege mbili! Mzingo wa ikweta ni kilomita 40,075, sisi kwa kuwa tumezungukia juu kaskazini tumetumia kama 32,000 na kitu. Hesabu ya saa nayo imefunga, tumesogeza 24 mbele, 12 kwenda na 12 kurudi kama dunia ilivyo, na ile siku moja tuliyorudishiwa Pasifiki ndo imezilipa zote. Tarehe yetu na ya waliobaki ofisini ni moja.

Jumamosi

Dada mmoja wa ofisini anaenda New York mwisho wa mwezi wa kumi na moja, kanitumia tiketi yake niiangalie, yeye anapitia Frankfurt. Singapore hadi Frankfurt ni kama kilomita 10,300, Frankfurt hadi JFK kama 6,200, kwaiyo anaongeza kama 1,100 juu ya ile njia ya uzi, na anaenda magharibi uso kwa uso na upepo, angani peke yake atazidi masaa 20 ukiacha kusubiri. Aliniuliza kama abadilishe achukue ya moja kwa moja. Miguu yake huwa inavimba akikaa sana na daktari alishamwambia asikae muda mrefu, nikamwambia dada baki na hiyo hiyo, pale Frankfurt utatembea, utanyoosha mgongo, masaa machache utakayopoteza yana faida kwako. Ila nikamwandalia jambo moja mapema: yeye havuki ule mstari wa Pasifiki, na mwezi huo tofauti itakuwa 13, kwaiyo Jumamosi yake ya kusafiri itakuwa moja tu lakini ya masaa 37, apange dawa zake kwa kuhesabu masaa, asifuate saa ya ukutani.